Mbingu Isiyofika Magharibi

Saa yangu ya mkononi ilisema saa tano na dakika kumi usiku. Mbingu ilisema saa kumi na mbili kasorobo.

Nilikuwa juu ya daraja dogo, ghorofa ya pili ndani ya hoteli ya Venetian, Las Vegas, mkononi kikombe cha aiskrimu iliyoanza kuwa uji. Chini ya daraja kuna mfereji wa maji ya buluu, ile buluu ya sabuni ya kufulia. Gondola ikapita. Mpiga kasia ana shati la mistari na kofia ya ukili, anaimba Kiitaliano kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Ndani wamekaa mzee na mkewe, mzee kainua simu, anarekodi dari.

Maana dari ndiyo habari yenyewe. Wamelichora likawa mbingu: samawati ya jioni, mawingu mepesi kama pamba iliyochambuliwa, na taa zimefichwa kwenye kingo ili usijue mwanga unatoka wapi. Watu wanatembea chini yake na mifuko ya maduka kama vile kweli ni jioni na kweli wako nje.

"Hapa jua halizami," dada akaniambia. "Mara ya kwanza nilipokuja nilikaa nasubiri giza liingie ndiyo niondoke. Nakuja kushtuka, magharibi imepita na isha nayo inataka kupita."

Dada ni mtoto wa mama mkubwa, kanizidi miaka tisa, bado namwamkia shikamoo hata kwenye ujumbe wa simu. Yuko Las Vegas mwaka wa kumi na moja. Anatandika vitanda kwenye hoteli nyingine hapo hapo Strip (barabara kubwa ya hoteli za kasino), ambayo sitaitaja kwa sababu bado anaihitaji. Mimi naishi Ohio, nilikuwa nimekwenda kumtembelea siku nne.

Nikamuuliza swali la kupitisha muda: "Kabla ya hii kulikuwa na nini hapa?"

"Mchanga."

Nikatikisa kichwa kama nimeelewa. Jangwa, bila shaka. Akacheka mpaka akashika ukingo wa daraja.

"Sands, wewe! Hoteli ilikuwa inaitwa Sands. Mchanga."

Hiyo ilikuwa wiki saba zilizopita. Nimejaribu kuandika kitu kingine kila Jumapili tangu wakati ule, nashindwa.

## Hoteli iliyoitwa Mchanga

Usiku ule, kwenye kochi la dada, sikulala. Nilisoma.

Sands ilifunguliwa tarehe 15 Desemba 1952. Ukumbi wake wa muziki uliitwa Copa Room, na hapo ndipo Frank Sinatra, Dean Martin na Sammy Davis Jr. walipokuwa wakiimba, wakitaniana na kunywa mbele ya watu hadi usiku mkubwa. Februari 1960 seneta mmoja kijana anayetafuta urais, John F. Kennedy, alikaa humo kama mtazamaji. Mwaka 1967 tajiri Howard Hughes akainunua. Mwaka 1989 akaichukua mfanyabiashara Sheldon Adelson. Tarehe 30 Juni 1996 ikafunga milango, na usiku wa tarehe 26 Novemba mwaka huo huo mnara wake wa mviringo ukalipuliwa kwa baruti.

Niliitazama video ya mlipuko ule mara nne. Mnara haukuanguka kama mti. Uliketi. Ulishuka mahali pake kama mama mzito anayekaa mkekani, halafu vumbi likameza kila kitu.

Tarehe 3 Mei 1999, Venetian ikafunguliwa pale pale. Dola bilioni 1.5, vyumba zaidi ya 3,000, Sophia Loren akaja kuzindua gondola.

Sasa kitu kilichonikera si kwamba walibomoa. Mji gani haubomoi? Kilichonikera ni ufundi. Nenda ukaangalie zile nguzo za nje, wanavyoiga jumba la watawala wa Venice, ule mnara wa kengele, daraja la Rialto. Ndani, kuta za maduka zimepakwa rangi ili zionekane zimechakaa. Kuna mahali nilipitisha kidole kwenye ufa. Haukuwa ufa. Ulikuwa umechorwa kwa brashi, na kando yake fundi kaongeza kivuli kidogo cha kahawia, kama unyevu uliopanda miaka mia tatu.

Mtu alilipwa kuchora unyevu wa miaka mia tatu mahali ambapo hoteli ya miaka 44 ilionekana imezeeka mno.

## Sifuri ya tatu

Nikaanza kutafuta. Pale kwenye jengo, Sands imebaki wapi?

Imebaki kwenye jina la kampuni. Kampuni ya Adelson inaitwa Las Vegas Sands mpaka leo. Mwaka 2022 iliuza Venetian kwa dola bilioni 6.25, ambapo bilioni 4 zilikuwa za ardhi na majengo, na biashara ikaenda kwa mnunuzi mwingine. Kasino zake sasa ziko Macau na Singapore tu. Kwa hiyo kuna kampuni inaitwa Las Vegas Sands ambayo haina kasino Las Vegas wala haina ile Sands. Kama ile baa ya Kilimanjaro unayoikuta Tandika.

Lakini kuna kumbukumbu nyingine, na hii ndiyo iliyoniinua kwenye kochi.

Kwa wasiocheza (na mama, najua unasoma, mimi ni miongoni mwao, tutalifikia hilo), ruleti ya Kimarekani ina gurudumu lenye visanduku 38: namba 1 mpaka 36, kisanduku cha sifuri moja (0), na kisanduku cha sifuri mbili (00). Ukiotea namba yako unalipwa 35 kwa moja. Zile sifuri ndizo chakula cha nyumba. Zikiwa mbili, katika kila dola 100 zinazowekwa mezani nyumba inabaki na wastani wa dola 5 na senti 26.

Mwaka 2016, Venetian ikaanzisha meza yenye visanduku 39. Wakaongeza cha tatu cha kijani, ambacho nacho ni cha nyumba. Malipo yakabaki yale yale, 35 kwa moja. Sasa katika kila dola 100 nyumba inabaki na dola 7 na senti 69. Na kile kisanduku hakikuandikwa sifuri. Kiliandikwa S.

Mchezo wakauita Sands Roulette.

Nikakaa na simu kifuani gizani. Copa Room, mabwawa, Kennedy, vyote hivyo vimekwenda, na jina likapewa kazi ya kula dola mbili na ushee zaidi katika kila mia.

Asubuhi nikamsimulia dada huku anakaanga mayai. Nilitarajia ashangae kama mimi.

"Eh," akasema. "Si afadhali yeye anafanya kazi."

## Nilipoteza dola ishirini

Ngoja nikiri kabla sijajifanya mtakatifu.

Usiku ule ule tuliposhuka, tulipita katikati ya kasino, maana huwezi kutoka bila kupita katikati ya kasino. Hakuna saa ukutani wala dirisha. Hewa ina manukato yanayokufuata mpaka kwenye shati. Zulia lina maua makubwa ya rangi za kugombana, mashine zinalia kama kuku elfu waliotaga kwa pamoja. Nikatoa noti ya dola ishirini nikailisha mashine moja yenye picha ya nyati. Dada akasimama pembeni, mikono kifuani, mdomo kaubana kama mama mkubwa hasa.

Dakika sita. Nilihesabu baadaye kwa ujumbe wa simu: nilimtumia rafiki picha nikiwa na dola 26, na dakika sita mbele nikamtumia ile ya 0.

Nimelelewa kwenye nyumba ambayo hata karata za arobastini zilifichwa babu akiingia. Kwa hiyo nilitoka pale na aibu mbili. Ya kwanza ni ya kamari, hiyo naijua, ina dawa yake. Ya pili ndiyo iliyonisumbua zaidi: nilipapenda. Nilipenda lile daraja. Nilipenda mbingu ya uongo. Kama ungeniambia nikae pale saa mbili nyingine nile aiskrimu nitazame gondola, ningekaa. Sasa nina haki gani ya kuandika makala ya kulalamika?

Nilimwambia dada kwamba kitu kinachoniuma ni historia. Kwamba ile Sands ilikuwa na maana, na watu walipaswa kuacha angalau ukuta mmoja.

Alikuwa anaendesha. Akapunguza redio.

"Historia ya nani?"

Nikanyamaza.

"Hiyo Sands unayoililia ya mwaka 1952, mimi na wewe tungefika mlangoni tungeambiwa nini?"

## Uswahilini ya Las Vegas

Siku ya tatu akanipeleka Westside. Hakuniambia tunakwenda wapi, alisema anataka kupitia kununua mchele.

Kwa msomaji wa Dar sihitaji kueleza sana. Unaijua Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Las Vegas nayo ilikuwa hivyo, reli katikati. Wasanii weusi walioijaza Strip watu miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, kwa kawaida hawakuruhusiwa kulala kwenye hoteli walizotumbuiza. Wakimaliza kuimba walitokea jikoni, wakarudishwa Westside kupanga chumba kwenye nyumba za watu. Moja ya nyumba hizo, ya mama aliyeitwa Genevieve Harrison, bado ipo Mtaa wa F. Ni nyumba ya chini, ndogo, ungeipita ukidhani ni ya muuza vitumbua.

Halafu tukaingia barabara ya Bonanza. Dada akasimamisha gari kando ya uzio wa waya.

Ng'ambo ya uzio hapakuwa na kitu. Vipande vya saruji, majani makavu yanayoviringishwa na upepo, mfuko wa plastiki umenasa kwenye waya unapiga kelele.

"Hapa palikuwa Moulin Rouge," akasema.

Hoteli na kasino, ilifunguliwa tarehe 24 Mei 1955, ya kwanza mjini humo kumruhusu mweusi na mweupe kukaa meza moja, kucheza, kula na kulala. Bondia Joe Louis alikuwa mwenyeji wa kupokea wageni mlangoni na mwenye hisa kidogo. Kulikuwa na onyesho la tatu, saa nane na nusu usiku, na wasanii wakubwa wa Strip walikuwa wakimaliza kazi kule wanakuja kumalizia usiku huku. Mwaka ule ule wa 1955, baada ya miezi kama sita, ikafunga.

Lakini haikufa moja kwa moja. Mwaka 1960 daktari wa meno James McMillan, kiongozi mjini humo wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, alitishia maandamano kwenye Strip kama hoteli zisingefungua milango kwa watu weusi. Wenye hoteli wakaogopa hasara. Tarehe 26 Machi 1960 makubaliano yakafikiwa, na mkutano wenyewe ulifanyika pale Moulin Rouge.

Piga hesabu nami. Kennedy amekaa Copa Room Februari. Mkutano ni Machi.

Baadaye moto ukapita mara kadhaa, na mwaka 2010 mabaki yakavunjwa. Yale maandishi yake makubwa ya taa, aliyoyachora Betty Willis, mama yule yule aliyebuni bango la kukaribisha wageni Las Vegas, yamehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la taa za neoni, na yanawaka. Tulikwenda kuyaona jioni ile. Ni mazuri. Mapokezi ya jumba hilo ni jengo la hoteli nyingine ya zamani, La Concha, kazi ya msanifu mweusi Paul Revere Williams, lililokatwa vipande na kuhamishiwa pale. Kumbe wakitaka wanaweza.

Pale kwenye uzio, dada hakunihutubia. Alitazama saa, akasema mchele unauzwa mpaka saa mbili. Mimi ndiye niliyebaki nimeshika waya kama mfungwa, nafikiria kwamba jana nililia kwa ajili ya ardhi ya bilioni nne, na hii hapa hata mlinzi haina.

Halafu, kwa kuwa sijui kunyamaza, nikasema: "Angalau hawajajenga Venice juu yake."

"Wangejenga, watu wa hapa wangepata kazi," akajibu.

Nimelibeba jibu hilo wiki saba. Sijalipatia jawabu. Dada ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi wa hoteli, Culinary 226, na analitaja jina hilo kama wengine wanavyotaja Simba au Yanga. Alinisimulia jinsi chama kilivyoandamana mbele ya Venetian mwaka 1999, kabla hata yeye hajafika Marekani, hoteli ikadai njia ya miguu ni mali yake binafsi, mahakama ya rufaa ikasema mwaka 2001 kwamba ni ya umma. Mkataba wa kwanza wa chama pale ulipatikana 2024. Miaka 25. Yeye akiitazama ile mbingu ya samawati haoni Venice wala Sinatra. Anaona idadi ya shuka.

## Kona ya shuka

Usiku wa mwisho akanitandikia godoro sebuleni. Nilikuwa nimeona watu wakitandika maisha yangu yote, sikuwa nimetazama.

Akarusha shuka mara moja, likatua katikati sawasawa, kama nyavu ya mvuvi anayejua. Akapiga goti moja. Kiganja cha kushoto kikainua kona ya godoro, cha kulia kikavuta kitambaa chini yake, kikakunja pembe tatu, kikaishusha, kikachomeka. Sekunde nne, tano. Akapitisha ubavu wa mkono juu ya mkunjo kama mtu anayefunga barua. Kona ikawa kali, ungeweza kupimia rula. Halafu akainuka kwa kushika kiti, akanyoosha mgongo polepole, na uso wake ukabadilika kidogo, akadhani sioni.

"Vyumba kumi na tatu kwa zamu," akasema. "Ukikuta harusi imelala humo, Mungu akusaidie."

"Nani alikufundisha kukunja hivyo? Hoteli?"

"Hoteli! Baba."

Sikuelewa. Baba yake, yaani baba mkubwa, ninamjua kama mzee wa Temeke mwenye redio na bustani ya mchicha.

"Wewe hujui baba alikuwa New Africa?"

## Posta ya Zamani

Sikujua.

Nimesoma sekondari mjini. Miaka minne nimeshuka daladala Posta ya Zamani, nikapita mbele ya kanisa la Azania Front, nikakata kona pale New Africa kuelekea Sanamu ya Askari. Miaka minne, mara mbili kwa siku. Nilijua ni hoteli. Nilijua ndani kuna kasino, kwa sababu rafiki yangu mmoja alikuwa akiapa kwamba mjomba wake alishinda humo televisheni.

Sikujua kwamba jengo lile la miaka ya 1990 limekaa juu ya hoteli nyingine. Kwamba Wajerumani walijenga pale hoteli waliyoiita Kaiserhof mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba Waingereza walipochukua nchi ikawa New Africa, kwamba jengo hilo la kale lilibaki hadi mimi nilipozaliwa, kisha likavunjwa na jipya kuinuka pale pale. Na kwamba ndani ya lile la kale, miaka ya 1970, baba mkubwa alianza kwa kutandika vitanda, akapanda mpaka kuwa mhudumu wa mezani.

Hoteli ya kihistoria, imevunjwa, imejengwa upya, na kasino ndani. Nimesafiri nusu ya dunia kwenda kusikitikia moja, na nyingine niliikatia kona nikiwa na begi la daftari mgongoni. Tena Upanga kulikuwa na kasino inaitwa Las Vegas, na hilo nalo tuliliona la kawaida.

Niliporudi Ohio nilimpigia baba mkubwa. Hapendi simu za picha, anasema zinamfanya ajione mgonjwa. Akasema niandike maswali, atajibu kwa sauti, mjukuu atamshikia simu.

Nikaandika maswali kumi na mawili. Mlango wa zamani ulikuwa unaangalia wapi, baharini au mjini? Sakafu ilikuwa ya nini? Walipovunja, alikwenda kuangalia? Alijisikiaje?

Jibu lilikuja Jumanne iliyopita. Dakika saba. Dakika tatu za mwanzo ni salamu, bei ya mkaa na kama dada anakula vizuri. Dakika mbili ni viatu: walivaa viatu vyeusi vya ngozi, na sakafu ilivyokuwa ngumu, jioni alikuwa akichovya miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, na dada, akiwa mtoto mdogo, ndiye aliyekuwa akimletea chumvi. Kuhusu Kaiserhof hakusema kitu. Kuhusu kuvunjwa alisema, "Walivunja, ndiyo," basi.

Kisha akakohoa, na sauti ikabadilika, ikawa ya mtu anayeona.

"Sasa huo mlango unaouliza," akasema, "ulikuwa hivi. Ukisimama kanisani, bahari iwe mgongoni kwako, kulikuwa na baraza, na ngazi zake..."

Nyuma yake spika ya msikiti ikakwaruza. Kuku wakapiga kelele. Adhana ikaanza.

"Subiri kwanza, mwanangu," akasema. "Magharibi imeingia."